Sura ya Saba: Aliyerukwa na Kibuyu

Barua ya kumfukuza mlinzi Dagoberto Pintos ilikuwa tayari mezani, imebaki kupigwa muhuri tu. Inspekta Ofelia Techera wa polisi aliisoma akiwa amesimama na koti lake mwilini, kwa sababu katika ofisi ya sekondari ya Paso Mocho, mwezi wa Julai, havui koti ila mwendawazimu. Mistari sita. Mlinzi ahame nyumba ya shule Ijumaa, saa sita mchana. Na leo ilikuwa Jumatano.

"Miaka ishirini na miwili, mistari sita," alisema Ofelia.

"Mkuu hapendi barua ndefu," alijibu Doña Zulma, karani wa shule. Alikuwa amempa mgongo, anamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, majani machungu yanayonywewa kwa mrija. Kapuni chini ya meza yake kulikuwa na karatasi tatu zilizofinyangwa, na Ofelia, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama makapu ya watu, aliziona. "Nimeirudia mara tatu. Kila nikifika kwenye jina lake nakosea."

"Umemzoea."

"Nimemzoea, ndiyo. Kaa, mwanangu, unywe. Baridi hii itakuua kabla ya wezi."

Ofelia aliketi, akavuta mrija mpaka kibuyu kikalia, akakirudisha bila neno. Zulma akajaza tena. Miezi minane alikuwa amehamishiwa Paso Mocho, analala hotelini pale mkabala na kituo cha basi, anakula chakula cha jioni akitazamana na televisheni ya mwenye hoteli. Watu walimwamkia vizuri, wakampisha njiani, na hakuna aliyemwambia karibu nyumbani. Tangu Jumatatu, kesi hii ilipoanza, mwanamke huyu mwenye miaka sitini na sita alikuwa amemwita mwanangu na kumpa kibuyu kila asubuhi. Mtu akikaa na njaa muda mrefu, hata makombo huyaita karamu, na haya hayakuwa makombo.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Jumatatu asubuhi, kabla mtihani wa hesabu haujagawiwa, wanafunzi thelathini na mmoja walikuwa nao kwenye simu zao. Ilikuwa picha. Ilipita mkono kwa mkono mpaka mwanzo wake ukapotea, lakini pembeni mwa picha ilionekana saa ya mezani ya Mkuu wa shule, inaonyesha saa nane na dakika kumi na nne. Mtihani ulitoka kwa mwalimu Ijumaa jioni ukafungiwa kabatini ofisini kwa Mkuu. Kwa hiyo ulipigwa picha ama Jumamosi, ama Jumapili. Ufunguo wa kabati ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, siri iliyojulikana na shule nzima na nusu ya mji. Basi ufunguo haukusema kitu. Kilichosema ni mtambo wa mtandao.

Mtambo ule uliandika kila simu iliyoingia kwenye waifai ya shule, na kwa siku zile mbili uliandika simu moja tu. Jumapili mchana, saa nane na dakika tano hadi saa nane na nusu. Mbele yake, jina: Dagoberto Pintos.

"Na wewe Jumapili ulikuwa wapi, Doña Zulma? Namuuliza kila mtu."

"Na mvua ile? Sikutoa hata pua nje. Nilikaanga maandazi, nikala na mjukuu wangu Nahuel, tukalala. Jumapili ya mvua mtu hana pa kwenda."

Ofelia aliandika. Ukutani, juu ya kichwa cha karani, kulikuwa na karatasi iliyobanduka pembe moja. Fungua mipangilio. Chagua mtandao wa shule. Zima anwani ya faragha. Izime kwa mtandao huu tu, mingine iache kama ilivyo.

"Hii ndiyo nini?"

"Muulize Milton, fundi wetu. Mimi nilipiga chapa tu. Nilifuata mstari kwa mstari kwenye simu yangu na mpaka leo sijui nilizima nini." Zulma alicheka kidogo. "Kingine?"

Ofelia alipokea kibuyu cha tatu.

*

Nyumba ya mlinzi ilikuwa nyuma ya karakana, chumba kimoja na jiko. Sanduku moja lilikuwa limeshafungwa, limesimama mlangoni. Dagoberto Pintos alifuta kiti kwa mkono wa sweta kabla ya kumkaribisha. Alikuwa mrefu, kakonda, na alikaa kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye dirisha la ofisi.

"Umeshafunga," Ofelia alisema.

"Ijumaa si mbali, Inspekta."

"Ulifanya wewe?"

"Hapana."

"Mbona hubishani?"

"Nilisema hapana Jumatatu. Mkuu akanionyesha karatasi yenye jina langu. Mimi nina mdomo, yeye ana karatasi."

"Jumapili saa nane ulikuwa wapi?"

"Hapa, nimelala. Mvua juu ya bati, tumbo limejaa. Nani hangelala?"

Kwa kweli, saa nane mchana Paso Mocho yote hulala. Hata mbwa hulala. Ndiyo sababu mwizi aliichagua saa ile, na ndiyo sababu hakuna mtu mjini aliyeweza kumtolea mwingine ushahidi.

"Nipe simu yako."

Ilikuwa simu ya zamani, kioo kimepasuka. Ofelia alifungua mipangilio. Mtandao wa shule ulionekana pale juu, mawimbi manne yamejaa, na chini yake maneno: haujahifadhiwa. Aliingia ndani zaidi. Anwani ya faragha: imewashwa. Akasimama hapo.

"Don Dagoberto, hii simu imewahi kuingia kwenye mtandao wa shule?"

"Siku ile tulipewa nywila. Niliiandika vizuri, ikagoma. Nikaiandika tena, ikagoma. Nikasema basi, pengine ni mambo ya walimu."

"Siku ile ipi?"

"Mwezi wa tatu. Siku ya kuandikisha."

"Ni miezi minne sasa. Hukumwambia mtu?"

Dagoberto alifikiri swali hilo kwa haki kabisa, kama analipima. "Ningemwambia nani? Watu wana shughuli zao."

"Na picha, ujumbe, unapataje? Huku bondeni simu haishiki."

"Binti yangu yuko mji wa Artigas. Hunitumia picha za mjukuu. Jumapili jioni napanda kile kilima cha mnara wa maji, kule zinafunguka. Nazitazama, nashuka." Alitabasamu. "Ana meno mawili sasa."

Mtandao ulikuwa ukipita juu ya paa la mzee huyu usiku na mchana, na yeye alikuwa akipanda kilima. Alitafuta ukurasa wa kuhusu simu, ule wenye namba aliyopewa kiwandani, akatoa daftari lake. Kwenye orodha ya mtambo, namba ya simu ya Dagoberto Pintos iliishia 9B-44. Hii iliyokuwa mkononi mwake iliishia F1-08. Aliisoma mara mbili kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kidole juu ya kioo.

"Una simu nyingine?"

"Ya nini?"

"Siku ya kuandikisha ilikuwaje? Nieleze yote, hata yasiyo na maana."

"Tulikaa kwenye duara chumba cha walimu. Mkuu alikuwa anamimina, Milton yuko ubavuni mwake na kompyuta. Kibuyu kinazunguka. Kikikufikia unakunywa, ukikirudisha unakirudisha na simu yako juu. Ndivyo walivyosema, ili watu wasigombanie. Kazi na kinywaji kwa mkupuo mmoja."

"Na wewe ukarudisha simu?"

"Raundi ya kwanza ilikuwa ya kinywaji tu. Nilikunywa, nikasema asante. Daktari alinikataza kuzidisha, tumbo. Na ukishasema asante, ndiyo umefunga, hupewi tena. Raundi ya pili, ile ya simu, kibuyu kikaniruka."

"Wakakuruka na wewe ukanyamaza."

"Inspekta, mtu aliyesema asante atadai nini tena? Nilikaa na simu yangu mkononi. Nikadhani wataniita." Alikwangua doa mezani kwa ukucha. "Milton akafunga kompyuta. Nikajua wameniandikisha kwa njia yao."

Ofelia aliandika maneno hayo kama yalivyo. Alipoinuka, jicho lake likatua juu ya meza, kwenye sahani yenye maua ya buluu iliyofunikwa kitambaa safi. Haikuwa sahani ya nyumba ile. Nyumba ile ilikuwa na vyombo vya bati.

"Sahani ya watu," alisema Dagoberto, kama anayejitetea. "Haikuja tupu, hairudi tupu. Nasubiri machenza yaive."

Lakini kichwa cha Ofelia kilikuwa kwenye duara la watu na kibuyu, na hakuuliza zaidi. Hilo lilikuwa kosa lake la siku ile.

*

Milton Bentancor alihudumia shule nne kwa pikipiki moja, na alikuwa na ubishi wa mtu anayeamini kuwa angeajiriwa kwingine kama si mama yake kuugua. Alimpokea Inspekta kwenye stoo iliyogeuzwa chumba cha kompyuta.

"Orodha yangu haidanganyi," alisema kabla hajaulizwa.

"Nifundishe kama mtoto. Anwani ya faragha ni nini?"

"Simu za siku hizi zina haya. Zikibisha hodi kwenye mtandao zinataja jina la kubuni, ili mtu asizifuatefuate. Kila nyumba jina jipya. Ni jambo jema mjini, sokoni, kwenye basi. Lakini shule inataka kujua nani kaingia, kwa hiyo hapa tunawaambia wazime, simu itaje jina lake la kweli, yaani namba ya kiwandani. Mimi naiandika namba ile, mbele yake jina la mtu. Isiyo kwenye orodha haiingii hata iwe na nywila."

"Kwa hiyo simu ya Jumapili ilitaja jina lake la kweli."

"La kweli kabisa. Dagoberto."

"Ilitaja 9B-44, Milton. Dagoberto ni jina uliloliandika wewe. Simu ya Dagoberto inaishia F1-08, haya yake haijawahi kuyavua, na haimo kwenye orodha yako mahali popote. Nimetazama."

Milton alichukua daftari la Ofelia, akasoma, akalirudisha polepole. "Atakuwa na simu ya pili."

"Mtu anayepanda kilima kutazama picha ya mjukuu? Siku ya kuandikisha, majina uliyaandika lini?"

"Mwanzoni. Nilifuata walivyokaa, kuanzia kulia kwa Mkuu. Kisha kila simu ikija naiingiza kwenye jina linalofuata."

"Uliwatazama usoni?"

"Nilitazama kompyuta. Simu zilikuwa zinakuja na kibuyu, kwa mpangilio. Kibuyu hakikosei, Inspekta. Tangu nizaliwe sijaona kibuyu kikiruka mtu."

"Hata aliyesema asante?"

Milton naye alikuwa mtu wa nchi ile, alinyonyeshwa karibu na birika, na hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta. Alivuta kiti akakaa.

"Simu zilikuwa nane," alisema. "Majina tisa. Mwalimu wa muziki ndiye aliyekuwa wa mwisho, jina lake likabaki tupu. Nikadhani hakuleta simu. Naye hakuwahi kulalamika kuwa haingii, nikasahau." Alijipiga paja. "Mama yangu! Kuanzia kwa Dagoberto wote wamesogea nafasi moja."

"Wote wanaingia mtandaoni vizuri, kila mmoja kwa jina la mwenzake, na hakuna aliyejua. Na jina la Dagoberto limebeba simu ya nani?"

"Ya aliyemfuata kwenye duara."

"Ambaye ni?"

Milton alifumba macho. "Mwalimu Ferrari. Ndiyo. Ferrari hukaa pembeni mwa Dagoberto siku zote, karibu na jiko la kuni. Nawaona hapa, mmoja anaongeza kuni, mwingine anaota miguu."

Ferrari, mwalimu wa hesabu. Mtihani aliutunga yeye mwenyewe, na jioni alikuwa na wanafunzi wa ziada nyumbani kwake waliotaka kufaulu kwa gharama yoyote. Mji mzima ulimnong'ona tangu Jumatatu. Ofelia alihisi kifua kikimfunguka, akajishangaa kwa furaha ile. Akavaa glavu moja. Kabla ya kuvaa ya pili akasimama.

"Aliyetunga mtihani anauiba wa nini? Anao kichwani."

"Pengine ili ionekane ameuiba mtu mwingine."

"Kwa kuja na mvua, kufungua kabati la Mkuu, na kuacha saa ya Mkuu kwenye picha? Na tena, Milton, mwezi wa tatu jiko la kuni linawashwa?"

"Mwezi wa tatu? Mwezi wa tatu tunakufa kwa joto."

"Basi Ferrari alifuata nini karibu na jiko?"

Pikipiki ilipita nje. Milton alivuta droo, akapekua nyaya na risiti, akatoa daftari la shule lenye kifuniko cha kijani. Alikuwa ni mtu wa kulaumiwa kwa mengi, ila hakuwa mtu wa kutupa karatasi. Alifungua ukurasa wa Machi na kumgeuzia Ofelia bila kusoma kwa sauti.

Majina tisa kwa kalamu. Ferrari alikuwa wa pili, dirishani. Dagoberto alikuwa wa tano. Wa sita, kwa mwandiko wa haraka: Doña Zulma.

Ofelia aliuangalia mstari ule muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuusoma.

"Huenda nilikosea pia hapo," alisema Milton kwa upole.

"Huenda. Nipe daftari."

*

Dagoberto hakushangaa kumwona tena. Ofelia hakuketi.

"Sahani ile ni ya nani?"

"Ya Doña Zulma. Alileta maandazi Jumapili."

"Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro robo hivi. Mvua inanyesha, amejifunika nailoni. Nikamwambia, mama, umejilowesha kwa ajili yangu? Akasema Jumapili ya mvua si ya kukaa bila kitu tumboni. Alingoja mpaka nikala mawili." Alinyoosha kitambaa cha sahani ile. "Miaka ishirini na miwili, hakuna mtu aliyewahi kuniletea maandazi. Nilimshukuru sana."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hii ilikuwa na urefu wa uwanja mmoja wa shule. Sikutoa hata pua nje. Ofelia alikumbuka sauti iliyosema hivyo, na ladha ya kibuyu kilichofuata.

"Niachie nimrudishie mimi," alisema.

"Si tupu lakini."

"Machenza yameiva?"

"Bado bado. Lakini Ijumaa sitakuwepo." Alitoka nje bila koti, akarudi na machenza sita, bado yana kijani mabegani, akayapanga juu ya maua ya buluu, akayafunika. "Mwambie ni machachu kidogo. Mwambie aniwie radhi."

*

Zulma alifungua mlango kabla hajabisha. Jikoni kulikuwa na joto. Sahani tano zenye maua ya buluu zilisimama kwenye rafu, na nafasi ya sahani ya sita ilikuwa wazi.

"Mwanangu, umekuja nyumbani hatimaye. Nilikuwa nasema, huyu mpaka lini ataishi hotelini kama mchuuzi." Kisha akaiona sahani. Mkono wake uliokuwa unakwenda kuchukua birika ulibaki hewani kidogo, ukaendelea na safari yake. "Kaa. Maji yamechemka."

Ofelia aliiweka sahani mezani, akaondoa kitambaa. "Kutoka kwa Dagoberto. Anasema ni machachu kidogo, umwie radhi."

Zulma alimimina. Alikunywa kibuyu cha kwanza yeye mwenyewe, kama ipasavyo mmiminaji, akajaza cha pili akampa mgeni. Ofelia akanywa, akarudisha, hakusema neno.

"Nahuel yuko wapi?"

"Uwanjani."

"Alifanya mtihani wa hesabu?"

"Umefutwa. Unajua." Akajaza. "Ni mara yake ya tatu. Mama yake kampa sharti. Akifeli tena, Disemba anamchukua Hispania. Keshamtafutia kazi ya hoteli."

"Na akifaulu?"

"Akifaulu anabaki kumaliza mwaka wa sita."

"Hapa."

"Hapa." Zulma alichukua chenza, akaligeuza, akalirudisha mahali pake. "Umewahi kupika chakula cha mtu mmoja, Ofelia? Hakina harufu. Unakipakua na nyumba haijui kama kimepikwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. Ofelia alikijua chakula kile. Alikila kila usiku. Akaweka daftari la kijani la Milton mezani.

"Naomba simu yako."

"Ya nini?"

"Nitazame namba moja."

Zulma aliitoa mfukoni mwa aproni na kuisukuma kwenye meza. Mipangilio. Kuhusu simu. Ofelia alisoma mpaka mwisho, ingawa alikwisha kujua: 9B-44. Kisha akafungua mtandao wa shule. Anwani ya faragha: imezimwa. Mstari kwa mstari, kama karatasi ilivyoagiza.

"Ungeacha kitu hiki kama kilivyokuwa," alisema Ofelia, "simu yako isingefunguliwa mlango Jumapili ile, na hakuna karatasi ingeitaja. Uliizima kwa utii. Ikavuka geti, ikajiunga yenyewe. Ila Milton aliiandika kwa jina la mtu aliyerukwa."

"Sikujua kuhusu jina." Sauti ya Zulma ilikuwa ya kawaida kabisa. "Naapa kwa mama yangu. Jumatatu Mkuu aliponiambia ni Dagoberto nilidhani nimesikia vibaya. Nilipiga picha karatasi moja, nikamtumia mtoto mmoja. Nilimwambia futa. Yeye akampa rafiki, rafiki akampa mwingine. Maandazi nilipeleka ili alale, basi. Nilitaka alale tu."

"Na barua?"

"Barua gani?"

"Barua umeipiga wewe. Mara tatu."

Zulma alikaa. Alionekana mdogo kwenye kiti kile. "Nilijiambia Jumanne nitasema. Jumanne ukaja, nikakumiminia, ukacheka kwa kitu nilichosema, sikumbuki nini. Nikajiambia kesho. Leo ukauliza nilikuwa wapi, nikasikia mdomo wangu unajibu. Nikajiambia Ijumaa asubuhi, kabla ya saa sita, nitasema."

"Ungesema?"

Nje watoto walikuwa wanapiga mpira kwenye ukuta wa jirani. Zulma alisikiliza kama anayetambua hatua za mtu.

"Sijui," alisema. "Huo ndio ukweli wangu. Sijui." Akajaza kibuyu tena, maji yakamwagika kidogo kwenye kitambaa cha meza, akayafuta kwa kiganja. "Ofelia. Yeye ana sanduku moja. Ana binti Artigas wa kumpokea. Mimi Nahuel akienda sina mtu. Na wewe huna mtu, usiniambie unaye, nimekuona ukila pale dirishani. Ungekuja hapa kila siku. Sahani ni sita."

Hakuna mtu mwingine Paso Mocho aliyejua habari hii isipokuwa Milton, na Milton alikwisha kusema huenda alikosea. Daftari la kijani lilikuwa kwenye meza, karibu na jiko la kuni. Ofelia alimwona Zulma akiliona. Alilichukua, akalitia mfukoni, akafunga kifungo.

Kisha akakipokea kibuyu. Alikunywa taratibu, mpaka chini, mpaka mrija ukalia mara mbili na hakikubaki kitu. Alikirudisha kwa mikono miwili.

"Asante, Doña Zulma."

Zulma alikitazama kibuyu mikononi mwake. Birika lilikuwa bado zito, maji ya kutosha raundi kumi. Alilifunika, akalisogeza pembeni mwa jiko, akakung'uta yerba iliyobaki kwenye ndoo ya taka, akasuuza mrija, akaufuta, akaulaza juu ya kitambaa.

"Nimwachie Nahuel chakula kwanza?"

"Mwachie. Na uvae koti, nje kuna baridi. Tutapita kwa Mkuu kabla hajapiga muhuri, halafu kituo cha polisi."

Zulma alipakua chakula kwenye sahani moja yenye maua ya buluu, akaifunika kwa nyingine. Alitwaa chenza moja la Dagoberto, akaliweka juu.